Sindano Ndogo Zibebazo Riziki ya Nyumba

Katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya pikipiki si chombo cha anasa. Kuanzia Nyeri hadi Karatina, Othaya na Nanyuki, ndiyo ibebayo maziwa ya alfajiri, majani ya chai, mtoto wa shule na mgonjwa wa usiku. Mara nyingi mwenye kuinunua ni mama, kwa fedha za chama au akiba ya miaka, kisha akamkabidhi kijana aiendeshe. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze sehemu moja ya injini ambayo wenye mali wengi hawaijui, nayo huweza kuwatia hasara kubwa.

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka. Mkono wa chuma uitwao konrodi huugeuza mwendo huo kuwa mzunguko, kwa kushikamana na krenki kwenye pini. Baina ya konrodi na pini hiyo hukaa beringi ya sindano: duara la vijiti vyembamba vya chuma kigumu, vyenye urefu mara kadhaa ya unene wake. Wembamba huo ndio faida yake, kwani hubeba mzigo mkubwa mahali padogo. Lakini havistahimili kukosa mafuta wala uchafu.

Nyeri imo zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na njia zake ni za vilima. Injini huvuta mzigo mchana kutwa, na katika asubuhi za Julai mafuta huwa mazito kwa baridi. Kijana akiwasha na kuondoka kwa kishindo, vyuma husagana kabla mafuta hayajavifikia vyema. Dalili zake ni mlio wa kugonga unaozidi kila mzigo unapozidi, na chembe za chuma katika mafuta yanayomwagwa. Akipuuza, injini yaweza kukaza ghafla mteremkoni, gurudumu la nyuma likafunga, na abiria akaangamia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na hapa ukuta wenyewe ni roho ya mtu.

Fundi stadi huitoa krenki nzima, akaitenganisha kwa mashine ya kukandamiza, wala hagongi kwa nyundo. Hutia konrodi, pini na beringi mpya kwa pamoja, kisha akapima kwa saa maalumu kuhakikisha krenki inazunguka sawasawa. Fundi wa haraka hubadilisha beringi peke yake na kuiacha pini ya zamani. Gharama hupungua siku hiyo, lakini pini yenye mikwaruzo huila beringi mpya kama msasa, na baada ya muda mfupi kazi hurudi palepale, na malipo yake pia.

Basi enyi kina mama wenye vyombo, tunawausia mambo matatu. Andikeni tarehe ya kila mafuta yanapobadilishwa. Ombeni kukabidhiwa sehemu zilizotolewa, mzione kwa macho yenu. Na mwulizeni fundi waziwazi: je, pini nayo ni mpya? Fundi mwaminifu hatachukizwa na swali hilo, kwani mali aliyokabidhiwa ni amana, na kuificha kasoro yake ni ghushi. Nao vijana tunawaambia: iacheni injini ipate joto kidogo kabla ya safari, kwani katika sindano hizo mmebeba chakula cha nyumba nzima.