Breki za Diski kwenye Land Rover ya Zamani: Badili Mfumo, Usibadili Kipande

Katika parokia nyingi za vijijini bado zipo Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 zinazofanya kazi. Zinabeba mahindi, saruji, wagonjwa, wanakwaya, na padre anayekwenda kuadhimisha Misa kigangoni. Mafundi wanazifahamu, spea zinapatikana, na bodi yake ya aluminiamu haiozi upesi. Lakini swali moja husikika kila zinapotajwa: je, inafaa kuondoa breki zake za dramu na kufunga za diski?

Jibu fupi ni ndiyo, kwa sharti moja: anayebadili abadili mfumo mzima, si kipande kimoja. Sisi tunaosoma falsafa tunazoeshwa kuuliza kwanza kitu ni nini na kipo kwa ajili ya nini, kabla ya kuuliza kifanyweje. Mpendwa msomaji, tufuate utaratibu huo huo kwa breki.

Gari tunalolizungumzia

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Series II ilifuata mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Zote zilitoka kiwandani na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Land Rover fupi, inayoitwa 88, kwa kawaida ina dramu za inchi 10. Ndefu, yaani 109, ina za inchi 11. Namba hizo 88 na 109 ni inchi za umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Range Rover ilitoka mwaka 1970 ikiwa na diski magurudumu yote, lakini Land Rover ya kazi ilisubiri hadi One Ten ya mwaka 1983 ndipo ikapata diski za mbele.

Dramu inafanyaje kazi?

Ukikanyaga pedeli, masta silinda inasukuma mafuta ya breki hadi kwenye silinda ndogo za magurudumu. Silinda hizo zinatanua viatu vya breki, na viatu vinabana dramu kwa ndani.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kiatu kinachosukumwa kuelekea upande ambao gurudumu linazungukia huvutwa na dramu yenyewe na kuzidi kubana. Kwa hiyo dramu inamsaidia dereva: nguvu ndogo ya mguu inazaa nguvu kubwa ya kusimamisha. Magurudumu ya mbele ya 109 yana viatu viwili vya namna hiyo, ndiyo maana breki zake hushika vizuri likienda mbele. Gari hilo hilo likirudi nyuma mlimani, msaada huo hugeuka kuwa hasara na breki za mbele hulegea sana. Dereva wa 109 anapaswa kulijua hilo.

Adui wake ni joto na maji

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, kisha kulitupa joto hilo hewani. Chukua gari la kilo 2,000 linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Kulisimamisha kunazalisha kilojuli 500 hivi za joto. Likiwa kilomita 40 kwa saa ni kama 125 tu, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne.

Sasa literemshe gari hilo kutoka Lushoto hadi Mombo, ambako barabara inashuka karibu mita 1,000. Nishati ya mteremko huo inakaribia kilojuli 20,000, sawa na kulisimamisha mara 40 kutoka kilomita 80 kwa saa. Sehemu yake humalizwa na injini, matairi na upepo. Inayobaki yote ni mzigo wa breki.

Dramu ikipata joto hutanuka na kuvikimbia viatu, hivyo pedeli inashuka zaidi. Laining za viatu nazo zikizidi joto hupoteza mshiko. Na kwa kuwa dramu imefunikwa, joto halina njia rahisi ya kutoka. Ukivuka mto, maji na tope huingia ndani na kukaa humo, na breki hazishiki mpaka zikauke.

Diski iko wazi. Upepo unaipoza, maji yanarushwa nje inapozunguka, na pedi zinafuta yanayobaki. Ikipata joto haizikimbii pedi, kwa sababu inabanwa pande zote mbili na kalipa. Lakini diski haijivuti kama dramu. Kila nguvu inayotaka lazima itoke kwenye mguu wa dereva au kwenye msaada mwingine. Ugumu wote wa kubadili breki unaanzia hapo.

Kabla ya kubadili, kagua ulichonacho

Malalamiko mengi kuhusu dramu ni malalamiko kuhusu dramu zisizotunzwa. Kabla ya kununua chochote, fanya haya:

1. Rekebisha viatu. Nyuma ya bamba la breki kuna kichwa cha kurekebishia. Kwenye 109, magurudumu ya mbele yana viwili kila moja. Kizungushe mpaka gurudumu likwame, kisha kirudishe kidogo mpaka lizunguke huru.
2. Tafuta mvujo. Oilisili ya habu ikichoka, oili huingia kwenye dramu na kulowesha laining. Laining iliyolowa oili haisafishiki ikapona. Badilisha viatu, na ubadilishe oilisili kwanza.
3. Badilisha mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya hutakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka, mapovu hujaa kwenye mabomba na pedeli huzama bila kushika.
4. Usipulize vumbi la breki kwa upepo. Laining nyingi za zamani zina asbesto, inayoharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji na ulifute.

Baada ya hapo, gari linalotembea taratibu kwenye tambarare huenda lisihitaji diski kabisa. Linalobeba abiria milimani, au kuvuka mito kila wiki, lina sababu.

Mambo yanayobadilika pamoja

Kwanza, anza na ekseli ya mbele. Gari likifunga breki, uzito wake huegemea mbele, hivyo magurudumu ya mbele hufanya kazi kubwa zaidi. Ukiweka diski nyuma na kuacha dramu mbele, magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama mapema na gari likageuka barabarani. Hata baada ya kuweka diski mbele, jaribu kama nyuma haikwami kwanza. Ikikwama, weka valvu ya kupunguza presha inayokwenda nyuma.

Pili, masta silinda. Pistoni za kalipa huhitaji mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu. Masta silinda ya zamani inaweza kufika mwisho kabla pedi hazijabana vya kutosha. Tena, baadhi ya masta silinda za dramu zina valvu inayobakiza presha ndogo kwenye mabomba hata mguu ukiondolewa. Dramu huihitaji. Kwenye diski, presha hiyo huziacha pedi zikisugua safari nzima hadi diski iungue. Tumia masta silinda ya mikondo miwili, ili mkondo mmoja ukipasuka mwingine ubaki.

Tatu, busta. Kwa kuwa diski haijisaidii, gari lisilo na busta litamtaka dereva akanyage kwa nguvu nyingi. Busta hutumia mvuto wa hewa wa injini. Injini ya petroli inao; ya dizeli haina wa kutosha, hivyo huhitaji pampu yake ya kuvuta hewa.

Nne, rimu. Hakikisha kalipa haigusi rimu kabla ya kulipia vifaa, na uzungushe usukani hadi mwisho kila upande kuona kama mipira ya breki haivutiki wala haisuguliwi.

Tano, jihadhari na njia ya mkato ya kuhamisha ekseli nzima ya Range Rover yenye diski. Springi zake ni za koili, wakati za Series ni za majani. Zaidi ya hapo, difu ya Range Rover ina uwiano wa 3.54, na ya Series ni 4.7. Ukibadili ekseli moja tu, ukiweka gia ya magurudumu manne ekseli mbili zitashindana na kuvunja gia. Ukibadili zote mbili, injini nayo itapungukiwa nguvu ya kulizuia gari kwenye mteremko. Utakuwa umeongeza breki kwa mkono mmoja na kuipunguza kwa mwingine.

Kumaliza kazi na kujaribu

Toa upepo ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Pedeli iwe ngumu na ibaki hapo ilipo ukiikanyaga kwa dakika nzima. Ikizama polepole, kuna mahali panavuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jaribu kwanza kwenye uwanja mtupu kwa mwendo mdogo, bila abiria, kisha ukague tena kila nati na kila kiungo.

Breki ya mkono haiguswi na kazi hii. Kwenye Land Rover za Series iko kwenye shafti ya nyuma ya gia boksi, si kwenye magurudumu. Kwa sababu hiyo, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki hiyo haitalizuia gari: difu italiacha gurudumu la hewani lizunguke na lililo chini litembee. Weka mawe au vigingi kila mara.

Mwisho, hata diski bora hazimfundishi dereva. Mlima unaoupanda kwa gia ya pili, uteremke kwa gia ya pili. Kama fedha za parokia hazitoshi kwa diski, masta silinda na busta kwa pamoja, zitumike kwanza kwa viatu vipya, oilisili na mafuta mapya ya breki. Dramu nzima zilizorekebishwa ni salama kuliko diski zilizofungwa nusu nusu, na watu wanaopanda nyuma ya gari hilo hawana namna ya kujua tofauti hiyo mpaka wafike mteremkoni.