Msumeno wa Mnyororo Uliolala Miaka Mingi

Msumeno wa mnyororo wa zamani aghalabu hukutwa pembeni mwa ghala, umegandamana vumbi na unga wa mbao, na mwenyewe amekwisha ukatia tamaa kwa kuwa hauwaki. Huhukumiwa upesi kuwa chuma chakavu. Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki, kwani katika mtambo wa aina hii chuma hudumu sana. Kinachokufa kwanza ni mpira. Hata hivyo, fundi anayeufufua pasipo kuelewa jambo hili huweza kuusikia ukinguruma kwa nguvu siku ya kwanza, kisha ukakwama usizunguke tena.

Mfano mzuri ni msumeno uitwao Contra, uliotolewa na kampuni ya Stihl ya Ujerumani mwaka 1959. Ulikuwa na ujazo wa silinda wa sentimita 106 za ujazo, nguvu ya farasi 6, na uzito wa kilo 12 hivi. Misumeno mingi ya petroli iliyoutangulia ilihitaji watu wawili kuibeba. Huu uliendeshwa na mtu mmoja.

Injini yake ni ya mapigo mawili. Pistoni inapopanda hufyonza hewa na petroli kuingia katika chumba cha chini, penye krenki; inaposhuka huusukuma mchanganyiko huo kwenda juu kwenye silinda, ambako cheche huuwasha. Ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, basi plagi hutoa cheche zaidi ya 116 kila sekunde. Msomaji azingatie kwamba chumba hicho cha chini hakihifadhi oili kama ilivyo katika injini ya gari. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, na hiyo ndiyo pekee inayolainisha pistoni na beringi. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua.

Uchunguzi huanza na mambo mepesi. Plagi hufunguliwa, ikagusishwa chuma cha injini mbali na mivuke ya petroli, na kamba ya kuwashia ikavutwa. Cheche isipoonekana, mara nyingi kosa ni kutu katika pointi zilizo nyuma ya gurudumu la sumaku, na kuzisafisha kwa karatasi laini ya msasa kwaweza kutosha. Kisha bomba la moshi hufunguliwa, na pistoni ikatazamwa kupitia tundu lake. Ikiwa ina mikwaruzo mirefu ya wima, hapana budi kujua kilichoikwaruza kabla ya kununua kipuri chochote.

Ugumu wenyewe umo katika kabureta. Kabureta ya pikipiki ya zamani hutumia boya linaloelea, na haipendi kulazwa. Msumeno hulazwa na kupinduliwa kila mara, kwa hiyo mahali pa boya pana kiwambo, ngozi nyembamba iliyo laini kama ya ngoma ndogo. Hewa ikipungua upande wake mmoja, kiwambo hubonyea, kikasukuma kijiti, na kijiti kikafungua vali ya sindano ili petroli iingie. Kiwambo cha pili hupiga petroli kutoka tangini kwa kutumia mapigo ya hewa ya chumba cha krenki. Miaka ikipita, viwambo hukakamaa. Petroli iliyotiwa alkoholi, ambayo leo huuzwa katika nchi nyingi, huharakisha uharibifu huo na tena hufyonza maji. Kiwambo kigumu hakibonyei vya kutosha. Injini hupata petroli haba.

Njaa hiyo huweza pia kuletwa na hewa ya wizi, inayopenya katika gasketi au katika sili za mpira zilizo kwenye ncha mbili za krenki. Hapa ndipo wengi hudanganyika, maana injini yenye njaa hulia kwa sauti kali, na mwenye nayo hufurahi akidhani ni nguvu. Kumbe inaungua. Dalili ya kuaminika ni kwamba kiachiliwapo kiongeza mwendo, injini hukawia kutulia. Kipimo bora ni kuziba matundu ya moshi na ya kabureta, kutia hewa ya shinikizo dogo, nusu ya angahewa hivi, na kupaka maji ya sabuni. Mapovu huonyesha penye tundu. Injini iliyorekebishwa sawasawa hukoroma kidogo inapozunguka upesi bila kazi, na mkoromo huo hutoweka meno yanapoingia mtini.

Kiasi cha oili hutegemea aina yake. Kwa oili ya kawaida ya mapigo mawili, sehemu 1 kwa 25 za petroli ni salama kwa msumeno wa umri huu: lita 5 zahitaji mililita 200.

Umbo la meno ya mnyororo lina historia ya kupendeza. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Marekani, Joseph Buford Cox, aliwatazama mabuu wa mbawakawa wakitafuna gogo kulia na kushoto, akaiga taya zao katika chuma. Meno hayo hupita kwa kasi inayozidi mita 16 kwa sekunde, na hapo ukale wa mtambo si jambo la kujivunia. Sehemu ya juu ya ncha ya bapa ikigusa kitu, msumeno huruka nyuma kumwelekea aliyeushika. Breki ya mnyororo ilienea katika miaka ya 1970, Contra haina. Kwa hiyo ncha isigusishwe mti kamwe, na mikono yote miwili ikamate vishikio.

Kabla ya mkato wa kwanza, ncha huelekezwa kwenye ubao mweupe, pasipo kuugusa, na injini ikaongezwa mwendo. Mstari wa matone ya oili ukijichora ubaoni, mnyororo unalainishwa. Usipojichora, injini huzimwa, na bomba dogo la oili likazibuliwa.