Kwa Nini Aliye Mbali Huishukuru Nchi Yake?

Leo nataka tuelezane jambo ambalo sisi wa Ganze tunaliona lakini hatulitii maanani: kwa nini mtu akishafika ng'ambo ndipo huanza kuishukuru nchi yake?

Wahenga walinena, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini ndani maji yanapokusanyika. Baharia atembee atakavyo chomboni, mwisho atarudi pale pale kuyateka maji.

Mimi nilikuwa sitaki kusikia hayo. Nikitoka lamboni na mtungi wa lita 20 kichwani, jua likinichoma, nilikuwa nikiapa kwamba nikimaliza kidato cha nne naondoka, sirudi ng'o!

Shangazi yangu alinitangulia. Ukame wa 2021 na 2022 ulitumalizia ng'ombe na mahindi yakakauka shambani, naye akaenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Alikuta mfumo wa kafala. Katika mfumo huo, kibali cha mfanyakazi cha kuishi nchini hufungwa kwa mwajiri wake, hivyo si rahisi kubadilisha kazi wala kuondoka. Mwajiri wake wa kwanza alimchukulia pasipoti, ingawa sheria ya nchi ile inakataza. Hawe, yaani nyanya yangu, alipofariki mwaka 2023, shangazi alimlilia mamake kwenye simu. Kaburi alionyeshwa kwa simu pia.

Sasa basi, kila akipiga huuliza nini? Huuliza kama mvua imenyesha. Huuliza kama mchunga umeota. Mchunga! Ile mboga chungu niliyokuwa nikiificha chini ya sima ili nisile!

Nimefikiri sana, nikaona sababu ni tatu. Ya kwanza, kitu cha kila siku hakionekani mpaka kikose. Hapa kwetu natoka nje ya ua bila kumwomba mtu ruhusa, na njiani nasalimiwa na kila mzee kwa jina la baba yangu. Nani hushukuru kwa hayo? Shangazi anashukuru.

Ya pili ni lugha. Kutwa nzima yeye huzungumza Kiarabu cha kubahatisha. Akipiga simu akamwaga Kigiriama, utadhani ni mtu aliyevua viatu vilivyombana.

Ya tatu ndiyo iliyonishangaza. Hapa alikuwa Mgiriama wa Ganze, basi. Kule anaitwa Mkenya. Rafiki zake ni wanawake wa Kisii, Machakos na Busia, na mmoja akiugua wote huchanga. Ameniambia ukenya wake aliupatia kule.

Aliposema Kisii nilimkumbuka Mekatilili wa Menza, aliyezaliwa huku huku Ganze. Mwaka 1913 Waingereza walimkamata kwa kuwaongoza Wagiriama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa, wakampeleka mpaka Kisii. Mwaka 1914 yeye na Wanje wa Mwadorikola walitoroka wakarudi Giriama, mamia ya kilomita kwa miguu. Mtu hatembei hivyo kwa ajili ya mahali asipopathamini. Leo msichana wa Kisii na wa Giriama ni ndugu ugenini.

Lakini tusidanganyane, wenzangu. Kushukuru si kusema nyumbani hakuna shida. Shida ndiyo iliyomwondoa shangazi. Yeye anajua lambo linakauka, na bado anapapenda. Shukrani yake ina mikono: karo yangu ya kidato cha kwanza hadi leo imetoka kwake, ikaingia kwa M-Pesa. Si yeye peke yake. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Ndani yake mna karo, mabati, dawa za wazee, na pia machozi ambayo hayahesabiwi na benki.

Basi sisi tulio nyumbani tusingoje mpaka tukose. Sisemi tusiende. Hata mimi nikipata nafasi nitaenda, lakini nitausoma mkataba wangu kwanza, na nitajua ninaacha nini. Nami nikiwa hapa, lambo likifukiwa na mchanga nitashika jembe pamoja na wenzangu, kwa sababu kuna mtu mbali anayeuliza habari za maji yale.

Jumamosi iliyopita mama alipika sima na mchunga. Nilikula nikamaliza. Ulikuwa mchungu vile vile. Jioni shangazi alipopiga nilimwambia, "Shangazi, mvua imenyesha." Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nitoe simu nje, asikie.