Watazamaji wa Nepal Hawakuikimbia Lugha Yao

Filamu za Nepal zilipoanza kupoteza watazamaji, lawama ziliwaangukia wao: eti wamelewa sinema za Kihindi. Lawama hiyo si ya haki. Kilichowachosha ni miaka mingi ya filamu za Nepal kuiga sinema hizo za Bombay: mapigano yaleyale, nyimbo zilezile, shujaa asiyeshindwa, na vyote kwa fedha kidogo. Anayependa mtindo huo atakata tiketi ya filamu ya Bombay yenyewe, inayoufanya kwa ustadi zaidi.

Wapo wanaosema vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1996 hadi 2006 ndivyo vilivyoua biashara. Viliumiza kweli: penye hofu ya usiku, nani ataenda sinema? Lakini amani peke yake haikutosha. Mwaka 2012, filamu ya Loot ya Nischal Basnet, kuhusu wanaume wa Kathmandu wanaopanga kuiba benki, ilivuta umati bila bajeti ya Kihindi, kwa sababu wahusika wake walizungumza kama watu wa mtaani. Kalo Pothi ya Min Bahadur Bham ikatuzwa kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2015. Tuzo haiuzi tiketi, nakubali, ila mwaka uliofuata filamu ya vichekesho ya Chhakka Panja, iliyogusa maisha ya familia ambazo wanaume wao wamekwenda kutafuta kazi ng'ambo, ilijaza kumbi.