Pikipiki, Kona na Mguu wa Kulia

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malaria, kuhara, chanjo za watoto na chakula cha mama mjamzito. Mwezi huu tunawaomba mtuvumilie tuzungumze juu ya kona za barabarani. Pengine mtauliza kona ina uhusiano gani na afya. Sisi tunaofanya kazi katika wodi ya majeruhi hatuulizi tena. Siku ya mnada, siku ya Kipaimara, na majira ya mavuno ambapo vijana wana fedha mfukoni, huwa tunatandika vitanda vya akiba mapema mchana.

Ukiwahudumia majeruhi wa pikipiki kwa miaka mingi, kidonda chenyewe huanza kukusimulia habari kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Aliyevunjika mtulinga na kuchubuka uso upande wa kushoto, nywele zimejaa majani, huyo mara nyingi alikuwa katika kona ya kulia, pikipiki ikamshinda, akatoka barabarani na kuangukia mtaroni. Aliyevunjika muundi wa mguu wa kulia, mfupa umetokeza nje, huyo mara nyingi alikuwa katika kona ya kushoto. Kwa kuwa nchini kwetu tunapita kushoto, mwendo ukizidi katika kona ya kushoto pikipiki hupanuka kwenda kulia, huvuka mstari wa katikati, na mguu wa kulia ndio unaotangulia kukutana na bampa la gari linalokuja. Miguu ya namna hiyo tumeisafisha mara nyingi mno.

Jioni ya Jumamosi moja, mwaka 2022, kijana wa bodaboda mwenye miaka 24, baba wa watoto wawili, alikuwa akiteremka mlima akiwa na abiria, mama mmoja, pamoja na nusu gunia la viazi. Barabara ile aliijua tangu utoto wake. Ili kubana mafuta alikuwa amezima injini na kuiacha pikipiki iteremke yenyewe, kama wafanyavyo wengi. Aliingia kona ya kushoto, akaona inafunguka, akaachia breki. Kumbe kona ile hujikunja tena mbele, tena kwa ukali kuliko mwanzo. Akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote, tairi ikafunga, pikipiki ikateleza hadi upande wa gari dogo la abiria lililokuwa likipanda. Gari lile halikusimama. Mama aliteguka bega. Kijana alilala nyumbani kwao usiku kucha, mguu umefungwa kitenge, kwa kukosa usafiri, akatufikia kesho yake karibu na adhuhuri. Siku ya tano daktari hakuwa na budi kuukata mguu ule chini ya goti. Alipopata nguvu ya kuzungumza alituambia maneno machache tu: “Sista, nilidhani kona imekwisha.”

Maneno hayo tumeyasikia kwa wengine pia, kila mmoja kwa namna yake. Si walevi wote hao, na si wahuni. Wengi ni waendeshaji wazuri ambao huipima kona kwa ile sehemu wanayoiona. Sehemu isiyoonekana ndiyo inayovunja miguu. Kwa sababu hiyo baadhi yetu tulihudhuria semina ya vijana wa bodaboda katika ukumbi wa parokia, tukakaa nyuma na madaftari yetu kama wanafunzi, tukamsikiliza mwalimu wa udereva. Mengi tunayoandika hapa tuliyapata kwake, na mengine tumeyapata vitandani.

Kwanza ni vema ieleweke kwamba pikipiki haikati kona kama gari. Gari hugeuza magurudumu, likageuka. Pikipiki sharti ilale upande wa kona, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo inavyolazimika kulala zaidi. Hapa hesabu ni kali kuliko tunavyodhani. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika ili kuibakiza pikipiki ndani ya kona huongezeka mara nne. Chukua kona ya mlimani ambayo kama ingezunguka hadi kuwa duara kamili, kutoka katikati hadi ukingoni pangekuwa na meta 30. Ukiipita kwa kilometa 40 kwa saa, pikipiki italala nyuzi kama 23 hivi, jambo ambalo hata mtu mzima mwenye woga analimudu. Ukiipita kwa kilometa 60, itabidi ilale nyuzi kama 43. Huko vijana wetu wengi hawajawahi kufika, na tairi iliyokwisha meno, juu ya lami yenye vumbi, haiwezi kufika.

Mwalimu alitupa mfano ambao akina mama ukumbini waliuelewa mara moja. Nguvu ya tairi kuishika barabara ni kama mshahara mmoja. Ukiutumia wote kwa ada ya shule, hakuna chakula. Tairi nayo, ukitumia nguvu yake kwa breki, haibaki ya kukunjia kona. Ndiyo maana breki hushikwa kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado imesimama wima na njia imenyooka, na hapo hushikwa zote mbili, ya mbele kwa kuminya taratibu na ya nyuma kwa kusaidia. Vijana wengi huiogopa breki ya mbele, wapo hata walioilegeza isifanye kazi, kwa kuwa wamesikia kwamba hupindua pikipiki. Ukweli ni kwamba pikipiki inaposimama uzito huhamia mbele, na breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Inayopindua ni ile inayokamatwa ghafla, au inayoshikwa pikipiki ikiwa tayari imelala.

Kuteremka na injini imezimwa, au gia ikiwa huru, ni tabia ambayo tungeiondoa kesho kama tungekuwa na uwezo. Gia ndogo na injini inayonguruma huizuia pikipiki mteremkoni bila breki kuchoka. Ukiizima injini umebaki na breki peke yake, na usiku taa ya pikipiki nyingi ndogo huzimika pamoja nayo. Mafuta yanayookolewa katika mteremko mmoja hayatoshi kununua hata bandeji.

Sasa, ukiwa ndani ya kona, utazame wapi? Huko unakotaka kwenda, mwisho wa kona, kwa kugeuza kidevu na si macho tu. Mtu anayelikodolea macho lori, jiwe au korongo, huishia huko huko. Tulimwuliza mwalimu kama hilo si imani tu, akatutuma tujaribu kwa baiskeli kiwanjani. Ni kweli.

Jambo jingine lilitushangaza zaidi. Ili pikipiki ilale kushoto, mpini wa kushoto husukumwa mbele kidogo. Haivutwi. Kila mwenye kuendesha hufanya hivyo bila kujua, lakini anaposhtuka huanza kufikiri, akavuta mpini wa upande anaotaka kwenda, na pikipiki ikainuka na kumpeleka upande mwingine, kwenye lori. Kwa hiyo aliyejikuta ameingia kona kwa mwendo mkubwa asikamate breki kwa pupa. Apunguze mafuta taratibu, atazame mwisho wa kona, ausukume mpini wa upande wa kona na kuilaza pikipiki zaidi. Mara nyingi tairi nzuri ina nguvu kuliko moyo wa mwenye pikipiki. Lakini jambo hili hufanyiwa mazoezi mahali patupu na palipo wazi, asubuhi, bila abiria.

Kuhusu mahali pa kupita: waliozoea Kitonga, au Lukumburu kwenye njia ya Njombe kwenda Songea, au barabara nyembamba ya kupanda Lushoto kutoka Mombo, wanajua kwamba barabara si yako peke yako. Katika kona ya kulia kaa upande wako wa kushoto. Kumbuka kwamba pikipiki ikilala kulia tairi inaweza kuwa ndani ya mstari wakati kichwa chako kimeshavuka, na basi linalokuja halitazami tairi. Katika kona ya kushoto ukisogea kidogo kuelekea katikati utaona mbali zaidi, ila ukiona lori lenye tela linakuja rudi kushoto mara moja, kwa kuwa magurudumu ya nyuma ya tela hukata kona kwa ndani na kuingia upande wako. Na usianze kuongeza mafuta mpaka umeona kona imefunguka kweli. Kama unachoona ni ukuta wa mlima tu, kona haijaisha. Hapo ndipo yule kijana wetu alipokosea.

Kuna na mambo ya kwetu ambayo vitabu vya nje havina. Wakati wa mavuno watu huanika mahindi na makopa ukingoni mwa lami, na punje za mahindi chini ya tairi ni sawa na gololi. Matawi yaliyotandazwa barabarani maana yake lori limekwama mbele ya kona. Punguza mwendo hapo hapo, na utahadhari na matawi yenyewe kwani mabichi huteleza, na wenye lori wakiondoka aghalabu huyasahau. Kwenye barabara ya changarawe, kokoto hujikusanya nje ya kona na katikati, hivyo fuata njia ya magurudumu ya magari, na mwendo uwe wa chini zaidi.

Abiria naye ana kazi yake. Akae kwa kupanuliwa miguu, ashike kiuno cha mwendeshaji au chuma cha nyuma, na pikipiki ikilala alale nayo. Anayejivuta upande wa pili kwa woga humfanya mwendeshaji apanuke nje ya kona. Akina mama tunajua mnapenda kukaa upande kwa ajili ya heshima. Vaeni suruali ndani ya kitenge, hakuna padre atakayewauliza. Mshikaki wa watu watatu hatutaki hata kuuzungumzia.

Mwaka 1981, huko Marekani, Profesa Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa taarifa ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza eneo la Los Angeles. Karibu robo ya ajali hizo pikipiki haikugongana na gari jingine, na kati ya hizo theluthi mbili hivi zilitokana na kosa la mwendeshaji mwenyewe, hasa kufunga breki kupita kiasi na kupanuka kwenye kona. Asilimia 92 ya waliopata ajali walikuwa wamejifundisha wenyewe au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Miaka imepita mingi na Los Angeles si kwetu, lakini tuliposomewa taarifa hiyo semina, vijana walicheka kwa kutazamana. Nani kati yao hakufundishwa na kaka yake?

Kofia ngumu hatutaieleza kwa kirefu. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Wanaoogopa mba na chawa wa kofia ya abiria wavae kitambaa chao ndani. Kamba ya kidevu ifungwe. Kofia isiyofungwa hufika chini kabla ya kichwa.

Ikitokea mtu ameanguka konani, jambo la kwanza ni kuweka matawi au mtu wa kupunga nguo pande zote mbili za kona, maana tumeshapokea waokoaji waliogongwa. Kama anapumua vizuri msimvue kofia, msimkalishe, msimnyanyue kwa mikono na miguu kama gunia. Damu inayotoka izuieni kwa kukandamiza na kanga safi. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye ubao au pamoja na mguu mzima, na mfupa uliotokeza msiurudishe ndani. Msipake udongo, mafuta ya taa wala sukari. Msimweke katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine: tafuteni gari, hata la mchanga. Na msingoje asubuhi. Kidonda chenye mfupa wazi kinahitaji dawa ya kuua vijidudu, sindano ya pepopunda na kusafishwa siku ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Aliyegonga kichwa akitapika, akisinzia isivyo kawaida au akiongea ovyo, asiachwe alale nyumbani.

Yule kijana sasa anatembea kwa mguu wa bandia na anaziba pancha kwenye njia panda ya kijijini kwao. Tulimwomba ruhusa ya kuandika habari zake bila jina, akakubali, ila akatuomba tuongeze kwamba kona yake ni ya pili baada ya daraja ukiwa unateremka, na kwamba mpaka leo haina kibao. Yeye na wenzake wamepaka chokaa jiwe kubwa lililo kushoto, na kila mvua zikiisha hulipaka upya.