Rangi na gundi nyumbani: Kinachomfaa mtoto mdogo na cha kumwepusha nacho

MTOTO wa miaka miwili akipewa penseli hatafuti karatasi kwanza. Huitia kinywani aijue ladha yake, huigonga mezani asikie mlio wake, na mwishowe huchora ukutani. Huo si utundu. Ndivyo mtoto wa umri huo anavyojifunza.

Kwa hivyo mzazi anayetaka kumwekea mtoto wake vifaa vya kuchora, kupaka rangi na kufinyanga hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kutoa pesa: Kitu hiki kikiingia kinywani, puani au sikioni, kitatokea nini?

Aghalabu wazazi hukagua vitu walivyomnunulia mtoto mdogo tu, wakasahau vya kaka na dada zake. Tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze kutekelezwa kitaifa mnamo 2019, nyumba nyingi mijini huwa na sanduku la shanga, vifungo, mbegu, gundi na mikasi ya kazi za mwanafunzi. Likiwekwa chini ya meza, mtoto anayejifunza kutembea ndiye hulifikia kwanza.

Faida zake

Hatari hizi zisimfanye mzazi amnyime mtoto rangi. Watoto wengi huanza kuchorachora wakiwa na umri wa kati ya miezi 15 na 18. Wakitimiza miaka miwili huweza kuiga mstari, na wakifika mitatu huiga duara. Vidole vinavyofinyanga unga leo ndivyo vitakavyofunga vifungo vya shati kesho.

Usimlazimishe kushika krayoni kama mwanafunzi. Kuikamata kwa ngumi ni kawaida katika umri huo. Wala usimkemee akitumia mkono wa kushoto. Mkono anaoupendelea mtoto kwa kawaida hubainika kati ya miaka miwili na minne. Hata hivyo, ikiwa kabla ya miezi 18 mtoto hutumia mkono mmoja tu na kuuacha mwingine bila kazi, mpeleke kwa daktari, kwani huenda ule mwingine ni dhaifu.

Hatari ya kupaliwa

Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba, na magego yake ya kusaga hayajakamilika. Shanga, vifungo, maharagwe, mahindi, njugu karanga na vipande vya krayoni vinaweza kuiziba. Hata kile kitundu kilichoko kwenye vifuniko vya kalamu nyingi si urembo. Kiliwekwa ili hewa ipite endapo kifuniko kitakwama kooni.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Chukua bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya choo inapokwisha. Kitu chochote kinachopita ndani yake hakifai kuachiwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Krayoni iliyovunjika ipimwe vivyo hivyo.

Mtoto akipaliwa lakini bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe na ukae karibu naye. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, na ametimiza mwaka mmoja, fanya hivi:

1. Mwinamishe mbele na umpige mara 5 mgongoni, katikati ya mabega, kwa kitako cha kiganja.

2. Kitu kisipotoka, piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, kisha mbonyeze kwa ndani na kuelekea juu mara 5.

3. Rudia hatua hizo mbili huku mwingine akiita usaidizi. Akizimia, mlaze chali, anza kumbonyeza kifua na kumpulizia hewa.

Aliye chini ya mwaka mmoja habonyezwi tumbo bali kifua. Na usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, kwa maana utakisukuma ndani zaidi.

Kikohozi kisichoisha

Wakati mwingine kitu huteremka hadi pafuni. Mtoto hukohoa ghafla, kisha hutulia, na mzazi hudhani mambo yamekwisha. Siku chache baadaye kikohozi hurudi na kifua hutoa mlio. Hapo anaweza kutibiwa pumu au homa ya mapafu mara kwa mara asipone.

Ikiwa mtoto alipaliwa hata mara moja kabla ya kikohozi kuanza, mwambie daktari, hata asipokuuliza. Maneno yako yanaweza kufichua mengi kuliko picha ya eksirei, kwa kuwa mara nyingi plastiki na mbegu hazionekani katika picha hiyo.

Hali kadhalika, usaha wenye harufu mbaya unaotoka tundu moja tu la pua humaanisha huenda kuna shanga au kipande cha sponji ndani. Usikichokore kwa pini. Na ikiwa ni haragwe sikioni, usitie maji, maana litavimba.

Kuna vitu viwili visivyofaa kusubiri hadi kesho. Betri ndogo bapa, mfano wa kifungo, ikikwama kwenye umio inaweza kuuunguza katika muda wa saa mbili. Nazo sumaku ndogo, zikimezwa zaidi ya moja, zinaweza kuvutana na kutoboa utumbo. Nenda hospitalini mara moja hata kama mtoto anacheza kama kawaida.

Sumu iliyofichika

Krayoni za watoto zilizothibitishwa kutokuwa na sumu hazimdhuru mtoto akimeza kidogo, ila huenda choo chake kikabadilika rangi. Tafuta alama ya ubora ya KEBS na maandishi kwamba zinafaa umri wake. Kumbuka kuwa maandishi ya kutokuwa na sumu hayamaanishi kwamba kitu hakiwezi kumpalia.

Usimpe mtoto rangi ya nyumba iliyobaki kwenye kopo. Baadhi ya rangi, hasa za zamani, zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima.

Mafuta ya taa na tina za kuoshea burashi zisiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ili atapike, kwani mafuta yakiingia mapafuni ndiyo huleta madhara makubwa. Mkimbize hospitalini pamoja na chupa yenyewe. Gundi ya viatu na ile ya kukauka papo hapo pia ziwe mbali naye.

Katika kazi za mbegu, epuka punje nyekundu zenye doa jeusi, yaani tipitipi, na mbegu za mbarika. Zote zina sumu kali zikitafunwa.

Vya kuweka nyumbani

Mahitaji ya mtoto huyu si mengi. Krayoni nene 4 au 6, burashi nene moja na karatasi zinatosha. Migongo ya kalenda za zamani na maboksi yaliyokunjuliwa ni karatasi nzuri sana. Mkasi wa plastiki wenye ncha butu usubiri hadi miaka mitatu.

Gundi utaipata kwa kupika unga wa ngano na maji hadi uwe uji mzito. Maji ya kiazisukari chekundu na bizari hutoa rangi nzuri, ingawa huchafua nguo.

Kwa unga wa kufinyanga, changanya kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, kikombe kimoja cha maji na kijiko cha mafuta ya kupikia. Pika kwa moto mdogo ukikoroga hadi uache sufuria, kisha uache upoe kabisa. Usiruke hatua ya kupika, kwa kuwa unga mbichi unaweza kuwa na viini vya kuhara. Na kwa sababu chumvi ni nyingi, mtoto asiule.

Weka vyote katika kopo lenye kifuniko juu ya kabati, na vya mwanafunzi katika lake lenye kufungwa. Toa kimoja au viwili kwa wakati, keti naye robo saa, kisha uvirudishe. Ndoo ya maji ya kunawia imwagwe papo hapo, kwani maji machache yanatosha kumzamisha mtoto. Yaya naye aelezwe haya yote, pamoja na namna ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa, kwa sababu yeye ndiye hushinda naye.

Jioni ya leo, piga magoti sebuleni ukiwa na lile bomba la kadibodi, utazame chini ya viti na meza kwa kimo cha mtoto. Utakachookota hapo, yeye angekipata kesho.