Sisi tuliozaliwa wote Januari mosi

Ndugu msomaji, chukua vitambulisho vya familia moja ya waliorudi kutoka Tanzania, uvipange mezani, kisha utazame tarehe za kuzaliwa. Baba, Januari 1. Mama, Januari 1. Shangazi, Januari 1. Mjomba ana mwaka tu, siku na mwezi hakuna. Mgeni asiyetujua anaweza kudhani kuna kijiji ambako wanawake wote walijifungua usiku wa mwaka mpya.

Sababu yake si kubwa. Karani aliuliza, "Umezaliwa lini?" Mtu akajibu, "Wakati wa kupanda maharage, mwaka ule mvua ilipochelewa." Fomu haina nafasi ya maharage. Karani akaandika Januari 1, akagonga muhuri, akaita anayefuata. Wala si sisi peke yetu. Wasomali na Waafghani wengi waliokimbia kwao nao wameandikiwa siku hiyohiyo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Rumonge. Nilizaliwa mwaka 1980 katika makazi ya Mishamo, huko Mpanda, nikasoma huko, na nikarudi Burundi na mama yangu mwaka 2009. Kwa upande wa tarehe nina bahati. Nilizaliwa zahanati, nesi akaandika siku yangu kwenye kadi ya kliniki. Mama aliifunga kadi ile ndani ya nailoni, akaitia katika sufuria, na sufuria ikavuka mpaka pamoja nasi. Ndiyo maana mimi nina siku yangu, na mama aliyenizaa hakuwa na yake.

Keki darasani

Zamani hatukuwa na mambo ya keki. Mtoto alizaliwa, majirani wakaja kumwona mzazi, wakala wakanywa, akapewa jina, basi. Kwetu Warundi jina lenyewe lilikuwa daftari. Ukisikia Nyandwi unajua ni mtoto wa saba, Minani ni wa nane, Bukuru na Butoyi ni pacha. Hesabu ya familia ilikaa mdomoni.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mwanafunzi anakuja na pipi na biskuti, wenzake wanamwimbia, na wakati wa kutoka wanamvizia na ndoo ya maji. Sioni ubaya wowote. Mtoto kufurahiwa na wenzake ni jambo jema.

Lakini mwaka mmoja wasichana walikuwa wakiulizana tarehe zao, na mmoja wao, aliyerudi na shangazi yake kutoka kambi ya Nyarugusu, akasema, "Mimi sina." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa akaanza kuchora kwenye dawati kwa kucha.

Siku ile nilitoa kazi ya nyumbani kwa darasa zima. Sikuwaambia waulize tarehe. Niliwaambia waulize, "Nilipozaliwa, nani alikuwepo?" Kesho yake kila mmoja alikuja na habari. Huyu alipokewa na bibi yake, yule na dereva aliyesimamisha gari njiani. Yule msichana alisema alizaliwa siku ya mgao wa unga, na mama mmoja wa hema la jirani ndiye aliyevua kitenge chake kumfunikia. Mama huyo naye alikuwa amesharudi, na anauza dagaa sokoni kwetu. Msichana alikwenda kumsalimia. Alirudi na kopo la dagaa na maneno haya: "Amesema mimi ni mwanawe." Tarehe haikupatikana, lakini tangu hapo hakuna aliyemcheka tena.

Aliyekuwa ameshika siku ya mama

Sasa nije nyumbani kwetu. Mama alikimbia mwaka 1972 akiwa mtoto. Wazazi wake walikaa kwanza katika vijiji vya Kigoma, kisha wakapelekwa Mishamo makazi hayo yalipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Wote wawili walifia huko. Karatasi ya mama ikaandikwa Januari 1, 1960.

Mwaka 2008 na 2009 zaidi ya watu 50,000 katika sisi wa mwaka 1972 tulirudi. Wenzetu zaidi ya 160,000 walichukua uraia wa Tanzania, na kaka yangu ni mmoja wao. Sisi tuliorudi, wahungutse kama tunavyoitwa, wengi tulikuta mashamba ya babu zetu yana watu. Nasi tulikuta familia nyingine kwenye shamba letu, na wao pia walikuwa na watoto na makaburi yao pale. Kesi ilikwenda, ikarudi, ikakwenda tena. Mwishoni shamba liligawanywa. Karibu miaka miwili nyumba zile mbili hazikusalimiana.

Mama pekee alikuwa na utaratibu wake. Kila kaka alipotuma kidumu cha asali kutoka Mishamo, mama alijaza chupa moja na kuipeleka ng'ambo ya mpaka wa shamba, kwa bibi mzee wa nyumba ile. Wajomba walinung'unika. Walisema tunawalisha waliotuchukulia mali. Mama aliwajibu mara moja tu: "Kesi ni ya shamba. Asali ni ya mtu." Hakurudia tena.

Jioni moja yule bibi alikuja kurudisha chupa. Alimkuta mama ametoa karatasi zake ili aende tarafani. Nikamsomea mama kwa sauti: Januari 1, 1960. Bibi akakatiza. "Hapana. Huyu si wa Januari. Mimi nilikuwa msichana mkubwa hapa hapa kilimani. Mama yake alijifungua usiku wa kuamkia sherehe za uhuru. Baba yake alikuwa ameshafua shati la kwendea. Asubuhi sisi sote tukashuka kwenye ngoma, yeye akabaki anachemsha maji."

Burundi ilipata uhuru Julai 1, 1962. Mama alihesabu kwa vidole, akacheka kwamba kumbe ni mdogo kwa zaidi ya miaka miwili kuliko karatasi yake. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anafikiria lile shati. Hakuwa na picha hata moja ya baba yake, na sasa jirani wa kesi alikuwa amemletea moja.

Karatasi hatukuibadilisha, maana safari yake ni ndefu. Lakini tangu hapo kila Julai 1 tunapika wali, mukeke na ndizi, na sahani ya kwanza ni ya yule bibi. Kaka anapiga simu kutoka Mishamo. Mama husema nchi nzima inapumzika kwa ajili yake.

Sitaki kudanganya kwamba asali ilimaliza mambo yote. Mpaka wa shamba uko palepale, na vijana wa pande zote wanautazama kwa jicho kali. Ila wanasalimiana. Waswahili husema wema hauozi, na mimi naongeza kwamba hujui ni mlango gani umeshika kumbukumbu yako. Laiti mama angeacha kumsalimia yule bibi, angekufa na Januari ya karani.

Kwenu mnaovuka mpaka

Akina mama wa Mugina na Manyovu, wa Kobero na Kabanga, najua mimba haingoji soko lifungwe. Ukijifungulia upande wowote, usiondoke bila karatasi ya zahanati. Kadi ya kliniki iweke mahali unapoweka pesa. Kisha nenda ukamwandikishe mtoto mapema, kwa sababu ukichelewa njia huwa ndefu na gharama huongezeka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 7, unasema mtoto aandikishwe mara tu anapozaliwa. Atakapotaka kitambulisho au hati ya kuvukia mpaka, karatasi hiyo itamsemea.

Na kwa sisi wenye wazazi wa Januari mosi, muda ni mfupi. Aliyekuwa mtu mzima mwaka 1972 leo amepita miaka 70. Nenda kwa jirani wa zamani na kilo ya sukari, hata kama mligombana. Msalimie kwanza, muulize hali yake na ya wajukuu zake. Halafu muulize nani alikuwepo mama yako alipozaliwa, na uandike atakachosema kwenye daftari la watoto, kwa kalamu ya wino.